Neno Alilomwita Baba Yake

Mdomo wa Wening ulikuwa unatafuna, na ndani yake hamkuwa na kitu isipokuwa mpira wa mashine ya kupumulia. Alitafuna, akatoa ulimi, akakunja uso kama mtu aliyeonja shubiri, kisha akaanza upya. Mikono nayo haikutulia. Vidole vilipanda kifuani, vikashuka, vikapanda tena, kana kwamba anapiga ala ya muziki ambayo wengine hawaioni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na moja.

"Degedege imerudi," alisema daktari kijana wa zamu, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye pampu ya dawa ya usingizi.

"Usiguse," alisema Daktari Nastiti.

Hakupaza sauti. Nastiti alikuwa bingwa wa magonjwa ya ubongo ya watoto, mwenyeji wa Solo, mji wa kisiwa cha Java nchini Indonesia, kwa baba na kwa mama, na pale hospitalini alijulikana kwa mambo mawili: hapazi sauti, na hasemi "nadhani" mahali ambapo kitu kinaweza kupimwa. Asubuhi ile aliitwa ICU ya watoto si kwa sababu mtu alitaka maoni yake. Utaratibu ulidai sahihi ya daktari wa ubongo kabla mtoto hajatobolewa koo ili apumulie hapo na kupelekwa wodi ya wale ambao hawatarajiwi kuamka karibuni.

"Tazama mdomo," alimwambia kijana. "Sasa tazama skrini."

Nyaya za kupima umeme wa ubongo zilikuwa zimebandikwa kichwani kwa Wening kama mizizi. Kijana akatazama.

"Unaona nini?"

"Mawimbi ya polepole, Daktari."

"Kuna degedege hapo?"

Kijana alisita. "Hapana."

"Na mdomo unafanya nini?"

"Unatafuna."

"Kwa hiyo mnatibu nini?"

Jibu lilikuwa linaning'inia mbele yao wote wawili: dawa tatu za degedege, na dawa ya usingizi iliyopandishwa kila mara mdomo ulipocheza. Walikuwa wakimlaza mtoto zaidi na zaidi kwa sababu ya kitu ambacho hakikuwapo. Nastiti alivuta faili. Homa ya ubongo ya virusi, iliandikwa hivyo kwa wino na kwa uhakika. Vipimo vya virusi: hakuna kilichoonekana. Vilirudiwa: hakuna kilichoonekana. Maji ya uti wa mgongo yalikuwa na chembe nyeupe chache tu. Mapigo ya moyo yalipanda na kushuka bila sababu, na shinikizo la damu vivyo hivyo.

Kuna ugonjwa wenye sura hiyo. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na wageni, inakosea nyumba na kuushambulia ubongo wa mwenyewe. Una mpangilio wake, nao ndio unaoutambulisha: kwanza tabia inabadilika, kisha usingizi, kisha maneno yanakatika, kisha degedege, kisha midomo na mikono ya namna hii, mwisho pumzi. Unatibika, na unatibika vizuri zaidi ukiwahiwa. Lakini kwenye faili la Wening hadithi ilianzia katikati. Homa, degedege, mashine. Mahali pa kueleza mtoto alikuwaje kabla ya hapo paliandikwa: Tabia nzuri. Mtoto mtiifu.

Nastiti alilisoma neno "mtiifu" mara mbili. Halikuwa neno la kitabibu. Akatoka nje kwenda kuwatafuta wazazi.

Walikuwa ukumbini, kwenye mkeka, pamoja na wazazi wengine waliokuwa wamehamia pale na mito na chupa za chai. Mama, Bu Partinah, alikuwa anafungua wali uliofungwa kwenye jani la mgomba, na ilionekana wazi kwamba hataula. Baba, Pak Giyanto, alisimama mara moja, akaunganisha viganja, akainama kidogo. Alikuwa mwalimu wa lugha ya Kijawa katika shule ya msingi. Kijawa alichokisema kilikuwa cha ngazi ya juu kabisa, kilichonyooka kama shati lililopigwa pasi.

"Pak Giyanto," alisema Nastiti, "kabla ya homa, Wening alikuwa amebadilika kwa namna yoyote?"

"Hapana, Bu Daktari. Alikuwa mzima."

"Usingizi wake?"

"Wa kawaida."

"Kusema kwake?"

"Alisema vizuri. Wening ana adabu sana. Hata walimu wenzangu watakwambia."

"Sikuuliza habari ya adabu."

Bu Partinah aliuweka wali chini. "Mwambie, Pak."

"Nimwambie nini?"

"Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi sina hicho Kijawa chako kizuri."

"Bu, tuko mbele za watu."

"Watu gani? Hawa?" Mama aliwapungia mkono wenzao wa mikekani, ambao ghafla wote walikuwa na shughuli kubwa na chupa zao za chai. "Hawa wananisikia nikilia kila siku. Daktari, mtoto alimwita *kowe*. Baba yake mzazi. Mezani, anakula."

Pak Giyanto alifumba macho.

Kijawa kina lugha ndani ya lugha. Ipo ya juu ya kumsemesha mkubwa, ipo ya chini ya kusemeshana na wenzako, na *kowe* ni "wewe" ya chini: ya mbuzi, ya mtoto mdogo, ya rafiki mnayegombania naye gololi. Mtoto wa Solo humwita baba yake kwa neno jingine kabisa, na hulijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Hatelezi hapo, sawa na mtu asivyosahau kuvaa suruali akitoka nyumbani. Na huyu hakuwa baba tu. Alikuwa baba anayeishi kwa kuwafundisha watoto wa wengine wasiseme hivyo.

Mama alipofungua kinywa, hakukifunga tena. Ilianza kwa baba. Kisha bibi, aliyeambiwa kowe kizee unanuka. Kisha Wening akacheka katikati ya swala. Akaacha kulala, akawa anazunguka jikoni akifungua na kufunga kabati. Akasema mama ametia sindano kwenye wali. Baba akamkalisha mezani ampe adhabu ya kuandika sentensi za heshima, na herufi zikawa zinatoka nje ya mstari, zinapanda, zinapotea. Baba akaona ni ukaidi, akamwongezea sentensi. Baadaye maneno yenyewe yakakatika, akabaki anarudia tu anayoambiwa. Walimpeleka kwa mzee wa maji ya dua, naye akasema kuna kitu cha msitu wa mianzi kimemkalia mtoto ulimini. Ndipo homa ikaja, ndogo tu, na degedege.

"Mlipofika mapokezi mliulizwa nini?"

"Kama mtoto ni mtukutu," alisema Pak Giyanto. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza tangu mke wake aanze.

"Ukajibu?"

"Bu Daktari, nani angejibu ndiyo?"

Nastiti alisikia hasira ikimpanda, akaipa muda. Sehemu yake ilikuwa ya mapokezi: swali lile limetengenezwa lisijibike. Ukimuuliza mzazi wa mji ule kama mtoto wake ni mtukutu, unamuuliza kama yeye mwenyewe kalelewa. Lakini sehemu kubwa ilikuwa ya huyu aliyesimama mbele yake, viganja bado vimeungana. Dalili ya kwanza, iliyo wazi kuliko kipimo chochote, ilitamkwa mezani kwake kwa silabi mbili. Kazi yake ni silabi. Akaipa adhabu, kisha akaifunika.

"Pak Giyanto," alisema, "umeuficha ugonjwa wa binti yako ili watu wasikutazame vibaya."

Alilisema katika Kijawa cha juu kuliko hata chake, kila kitenzi kikimwinua na kumheshimu. Bu Partinah aliinamisha kichwa. Hakuna tusi ambalo lingemchoma mumewe zaidi.

*

Profesa Hadisuwarno, mkuu wa ICU, alikuwa amemfundisha Nastiti kuchoma sindano ya kwanza. Alimwita Dik, mdogo wangu, na alimkaribisha chai kabla hajakaa vizuri.

Nastiti alieleza kwa mpangilio. Tabia, usingizi, maneno, degedege, midomo, moyo. Virusi havijaonekana mara mbili. Skrini haioneshi degedege. Aliomba mambo matatu yaanze siku ileile: steroidi za nguvu kwa mshipa, chupa za kingamwili kutoka damu ya wachangiaji, na ultrasaundi ya tumbo, kwa sababu wakati mwingine uvimbe kwenye ovari ndio unaouchokoza ugonjwa. Aliomba pia dawa ya usingizi ishushwe.

"Na kipimo chenyewe cha kingamwili zinazoushambulia ubongo?" aliuliza Profesa.

"Sampuli inaondoka leo kwenda Jakarta, na kutoka huko nje ya nchi. Majibu yatachukua wiki kadhaa."

"Basi tuyasubiri, Dik. Steroidi zinashusha kinga. Kama ni maambukizi tusiyoyaona, tutakuwa tumewafungulia mlango wezi."

Ilikuwa hoja halali na Nastiti aliijibu kama hoja halali. "Dawa ya virusi inaendelea, siiondoi. Damu na maji ya uti wa mgongo vimeoteshwa maabara kutafuta vijidudu, havikuota kitu. Hatari ya kuanza tunaijua na tunaweza kuiangalia. Hatari ya kusubiri pia tunaijua. Ubongo hausubiri posta."

Profesa alicheka kidogo, kwa upole. "Kusubiri posta. Hilo zuri." Akakoroga chai. "*Nggih*, Dik. *Nggih*."

Ndiyo, mdogo wangu. Ndiyo.

Mchana Nastiti alirudi. Pampu ya usingizi ilikuwa imepandishwa. Steroidi hazikuwapo. Muuguzi Tumini, mwanamke mnene aliyefanya kazi ICU tangu kitanda cha kwanza kilipoingia, alikuwa anamgeuza Wening ubavu.

"Dawa ziko wapi?"

"Dawa gani, Daktari?"

"Nilizokubaliana na Profesa. Alisema *nggih*."

Tumini alimalizia kuuweka mto. "Alisemaje hasa? *Nggih* moja?"

"Mbili."

"Na chai?"

"Na chai."

"Ai, Daktari." Tumini alimtazama kwa huruma ya kweli. "*Nggih* mbili na chai ni hapana. Wewe mtu wa Solo, wanijia na maswali ya mtu aliyeshuka treni jana?"

Nastiti alijua. Alikuwa amejua kule kule ofisini, kijiko kilipokuwa kinagonga kikombe, na alichagua kuisikia ile ndiyo kama ndiyo kwa sababu aliitaka. Mdomo wa Wening, chini ya dawa zote zile, ulikuwa bado unatafuna, taratibu zaidi, kama mtu aliyechoka kula. Upande wa ndani wa shavu ulikuwa umeanza kutoka damu.

*

Asubuhi iliyofuata raundi ilifika kwenye kitanda cha Wening kama kawaida: Profesa mbele, madaktari wa mafunzo nyuma yake, Tumini kando na toroli. Kijana wa zamu alisoma habari za mgonjwa. Hali haijabadilika. Mpango: kutoboa koo.

"Naomba kuuliza kuhusu steroidi," alisema Nastiti kwa lugha ya juu.

"*Nggih*, Dik. Tunalifikiria."

"Lini tutaacha kulifikiria?"

"Wakati ukifika. Tusiwe na pupa, *nggih*?" Profesa alikwisha kugeukia kitanda cha pili.

"Kowe," alisema Nastiti. "Unanisikia, au masikio yako umeyaacha nyumbani?"

Toroli liligonga ukuta. Hakuna aliyesogea zaidi ya hapo. Mwanafunzi wa mwisho kwenye msururu alikuwa amefungua mdomo na kusahau kuufunga. Profesa Hadisuwarno aligeuka polepole, na usoni mwake hapakuwa na hasira. Palikuwa na wasiwasi.

"Dik Nastiti," alisema kwa sauti ya chini kabisa, "umelala vizuri? Unajisikiaje?"

Mmoja wa madaktari wa mafunzo alikuwa tayari amevuta kiti na kukisogeza nyuma ya magoti yake.

Nastiti hakukikalia. Alirudi kwenye lugha ya juu, na kila mtu akashusha pumzi.

"Nimelala vizuri, Profesa. Ahsante kwa kiti. Naomba muangalie mlichofanya sasa hivi. Neno moja tu limenitoka, na ninyi nyote mmejua papo hapo kwamba kichwani mwangu kuna kitu kimeharibika. Mmenitafutia pa kukaa. Mmeniuliza usingizi. Hakuna aliyeniuliza kama mimi ni mtukutu." Aliweka mkono kwenye chuma cha kitanda. "Mtoto huyu alimwambia baba yake neno hilohilo, na baba yake ni mwalimu wa Kijawa. Akalirudia, na kwa bibi yake, kabla ya homa, kabla ya degedege. Ninyi mnaosikia tofauti ya silabi mbili mkiwa mmeelekea upande mwingine, mnataka maabara ya ng'ambo iwathibitishie kwamba ubongo wake ndio uliotangulia kuugua?"

Profesa alimtazama Wening kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama tangu aletwe. Kisha alisema kwa Kiindonesia, lugha ya ofisi, isiyo na ngazi:

"Andika dawa, Daktari. Andika kwa jina lako. Maambukizi yakimuua, yatakuwa kwa jina lako pia."

"Ndivyo ninavyoandika kila kitu," alisema Nastiti.

Tangu siku hiyo Profesa hakumwita tena Dik. Hakumtukana, hakumwandikia barua, hakumpunguzia zamu. Alimsemesha kwa Kiindonesia tu, kwa ukamilifu, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo. Katika mji ule hiyo ni adhabu kubwa, na haina pa kukatiwa rufaa.

*

Steroidi ziliingia. Chupa za kingamwili ziliingia. Ultrasaundi haikuonesha uvimbe. Kwa wiki nzima hakuna kilichobadilika isipokuwa mapafu ya Wening, yaliyopata maambukizi, na kwenye raundi Profesa aliyataja maambukizi hayo kwa Kiindonesia sanifu bila kumtazama mtu. Nastiti aliongeza dawa ya mapafu. Maambukizi yaliposhikwa, akaandika dawa ya ngazi ya pili, ile inayoziangamiza chembe zenyewe zinazotengeneza kingamwili potofu. Akaiandika kwa jina lake.

Hasira haikumtoka. Ilimfuata kwenye gari, ilikaa naye mezani mumewe alipomwuliza kwa nini anakata tempe ya soya kana kwamba imemkosea. Alikwenda mapokezi akadai lile swali la utukutu lifutwe, na pahala pake waulizwe wazazi mambo ya kuonekana: ameacha kulala? anasema maneno yasiyo yake? amemwambia mkubwa neno ambalo hajawahi kumwambia? Mkuu wa mapokezi alisoma, akatabasamu, akasema *nggih*. Nastiti alivuta kiti akakaa mbele yake hadi alipoona maswali yamechapwa upya.

Mdomo wa Wening ulipunguza kutafuna. Moyo ukaacha kukimbia ovyo. Siku moja alifumbua macho na kumfuata Tumini alipopita na toroli, na Tumini akapita tena mara kadhaa bila shughuli yoyote. Mashine ya kupumulia iliondolewa bila koo kutobolewa. Majibu kutoka nje yalifika baada ya hapo: kingamwili potofu zilikuwapo, kwenye damu na kwenye maji ya uti wa mgongo. Nastiti aliyasoma akiwa amesimama, akayatia kwenye faili, akaenda kumwona mgonjwa mwingine.

Pak Giyanto alimngojea ukumbini. Wening alikuwa wodini sasa, anakula uji kwa kijiko, hawezi kusimama, anaweza kulia saa nzima bila kusema kwa nini. Baba alikuwa amekonda. Viganja vilikuwa vimeungana vilevile.

"Bu Daktari, kama ningesema siku ile ya kwanza, ingekuwaje?"

Mwingine angemwambia yaliyopita yamepita. Nastiti hakuwa na sentensi hiyo.

"Angepata dawa mapema zaidi. Wanaopata mapema hupona zaidi ya wanaochelewa. Kwa Wening hasa, tofauti ingekuwa kubwa kiasi gani, sijui. Hakuna anayeweza kuipima."

Pak Giyanto aliitikia kwa kichwa. Hakulia wala hakujitetea. "Na kupona kwenyewe?"

"Miezi mingi. Atarudia njia aliyoendea, kwa kurudi nyuma. Atakuwa na hasira, hatalala, atasema mambo mabaya. Kisha yatapungua. Ugonjwa unaweza kurudi siku moja, na ukirudi utaanza kwa dalili ndogo, na sitakuwapo nyumbani kwenu kuziona. Kwa hiyo naanza na leo. Amesemaje leo?"

Mikekani watu walikuwa wamejaa. Ilikuwa saa ya chakula. Bu Partinah alitokeza kichwa mlangoni mwa wodi, akasimama hapohapo. Pak Giyanto aliitenganisha mikono yake, hakujua aiweke wapi, akaiacha ining'inie. Kisha akaanza kusema, kwa sauti ya darasani, ile inayofika hadi dawati la nyuma, na kwa Kijawa cha chini kabisa, kwa matamshi kamili.

"Asubuhi alimwambia muuguzi kowe nguruwe. Akaniambia mimi kowe si baba yangu, baba yangu mmemla. Bibi yake alipokuja alimwambia kowe kafe, akamtemea uji. Alipokuwa anaoshwa alitaja sehemu za siri za mama yake, kwa neno hili." Akalitamka. Vijiko vilisimama ukumbi mzima. "Alilisema mara nyingi, haraka haraka, pumzi moja, hadi mate yakamtoka. Kisha akauliza kama paka amelishwa."

"Paka yupo kweli?"

"Yupo."

"Jina lake alilitaja sawasawa?"

"Sawasawa. Jana alikuwa hamkumbuki."

"Na lile la baba mmemla, alikuwa anaogopa au anatania?"

Alifikiri. "Anaogopa. Alikuwa anaangalia mlango."

"Endelea," alisema Nastiti, na Pak Giyanto akaendelea, neno baada ya neno, bila kupunguza sauti.